Msimamizi Asiyeajiriwa

Mama mmoja aliyekuja kusafishwa kidonda alimsalimia Mhitimu, kisha akainua macho juu ya bega lake na kusalimia tena. Akangoja.

"Mwenzako hajibu salamu," akasema, amenuna kidogo.

Mhitimu akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta na ndoo ya taka. Akacheka, maana kazi ya zahanati bila kucheka humaliza mtu, akaendelea kufunga bendeji. Lakini hakugeuka tena, kwa sababu alijua vizuri ni nani aliyepaswa kusimama pale.

Jina la Mhitimu alipewa kazini kwa utani. Chuo cha uuguzi amemaliza, cheti anacho, leseni hana. Mtihani wa leseni ulikuwa bado. Mama yake alimsihi akae nyumbani asome. "Leseni kwanza, mwanangu. Haraka haraka haina baraka." Yeye akajibu kwamba mikono ikikaa bure husahau kazi. Ukweli ni kwamba alitamani kuvaa sare na kuitwa sista kabla ya wenzake. Daktari mwenye zahanati akamchukua kwa sharti moja: kila atakaposhika sindano, muuguzi mwenye leseni asimame nyuma ya bega lake amtazame. Muuguzi huyo walimwita Mama Chai. Mwanamke mwema, kazi anaijua, ila harufu ya chai ikipita mlangoni, naye hupita.

Siku aliyokuja mzee mmoja fundi saa, chai ilikuwa imepita, na Mama Chai naye. Mzee wa watu alikuwa na homa na kifua, daktari amemwandikia sindano. Akalala kitandani, uso ukutani, mkewe amekaa kwenye benchi nje ya pazia.

"Mjukuu wangu, uko peke yako?" mzee akauliza.

Mhitimu aliona aibu kusema ndiyo. "Hapana, babu. Msimamizi wangu huyu hapa nyuma."

"Basi sawa. Choma."

Akachoma. Hakumuuliza kama dawa ile iliwahi kumdhuru, swali ambalo Mama Chai hulitanguliza kabla hata ya salamu. Mzee akaanza kujikuna, midomo ikavimba, pumzi ikambana, na mpaka daktari anafika mbio kutoka chumba cha pili, mambo yalikuwa yameharibika. Jioni hiyo akafariki. Daktari akasema moyo ulikuwa umechoka. Mama Chai hakusema lolote, maana naye alikuwa na lake la kuficha. Mjane akamshika Mhitimu mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumhudumia mumewe, na shukrani ile ilimchoma kuliko ambavyo laana ingemchoma.

Tangu siku ile alikuwa na mwenzake.

Kwanza ilikuja harufu, udongo mbichi uliofukuliwa, katika chumba kilichopigwa deki kwa dawa kila asubuhi. Kisha mlio wa glavu ikivutwa vidoleni, taratibu, wakati zake mwenyewe alishazivaa. Na mchana mmoja, jua limejaa dirishani na wagonjwa wanapiga soga kwenye benchi, akiwa ameinama kumchoma dereva mmoja, akahisi pumzi ya baridi ikimshuka shingoni, ikaingia ndani ya kola ya ile sare aliyoipenda, na kidevu kikatua begani kwake kama cha mtu anayetaka kuona vizuri, kizito, kigumu, na sauti ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikamwambia sikioni, kwa upole wa mwalimu, "Choma." Sindano ikamwanguka.

"Sista, vipi?" dereva akauliza.

"Hakuna kitu," akasema, naye alijisikia muuaji.

Nyumbani hakula. Mama yake akamvumilia, mwishowe akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule unayerudi naye kila siku halafu anabaki mlangoni ni nani?" Hapo Mhitimu akalia, akaeleza yote.

Mama akampeleka kwa mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, asiye na mbwembwe. Mganga alimsikiliza, akatazama nyuma yake, akavua miwani haraka.

"Huyu hakutumwa na mtu. Ulimwita mwenyewe."

"Sikumwita."

"Nafasi ilikuwa tupu, ukasema ina mtu. Jini hasubiri kukaribishwa mara mbili."

"Atatokaje?"

"Kwa mdomo uliomwingiza. Nenda kwa mjane, umwambie ulikuwa peke yako."

"Nikisema hivyo leseni sitaipata maisha."

"Mimi natoa majini tu," mganga akasema. "Leseni sizijui."

Akaenda, mama yake akimsindikiza hadi kona ya mtaa. Alishaamua. Njia nzima alirudia neno lenyewe moyoni, na njia nzima viatu vya mpira vililia nyuma yake, hatua kwa hatua, akisimama vinasimama. Mjane alifungua mlango, uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja, mjukuu wangu. Majirani wananisumbua. Wanasema mzee aliuawa na mwanafunzi. Nawaambia, nilikuwa pale kwenye benchi, nilimsikia binti kwa masikio yangu, msimamizi wake alikuwepo. Hilo ndilo linalonipa usingizi." Akamtazama, macho yanamwomba. "Alikuwepo, sivyo?"

Neno lilikuwa limefika ulimini. Mhitimu akawaza usingizi wa bibi yule, akajidanganya kwamba anamhurumia yeye, kumbe aliyoihurumia ni nafsi yake. Akauona mtihani, akaiona sare ikivuliwa, akamwona mama yake akipita mtaani watu wanamnyooshea kidole, na nyuma yake pumzi ilikuwa imezuiwa, inangoja kama yeye.

"Alikuwepo, bibi."

Mjane akashusha pumzi ndefu, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha macho yake yakapanda juu ya bega la Mhitimu, yakatulia hapo.

"Kumbe umekuja naye," akasema. "Karibuni ndani."

Akavuta viti viwili. Mhitimu akakaa. Kiti cha pili kikalia kwa uzito, harufu ya udongo ikajaa sebuleni, na mjane akakigeukia kiti kile, akaanza kushukuru.