Chuma Kisiguse Injini

Binti yangu anauza maziwa kwa pikipiki. Asubuhi mimi naosha madumu, yeye anayaning'iniza kwenye vyuma vinavyokinga injini, moja kulia, moja kushoto. Mke wangu alitutoka hospitali ikiwa haina dawa na wakubwa wana magari mapya. Tangu hapo, pikipiki hiyo ndiyo inayotulisha.

Mbele ya nyumba kuna mtaro. Wakubwa waliuchimba, wakapigwa picha, wakaondoka. Mvua ikaleta matope, binti yangu akateleza palepale, akaanguka na pikipiki.

Nikatoka mbio.

"Umeumia, mwanangu?"

"Goti limechubuka tu, baba. Ngoja niwashe, wateja wananisubiri."

"Wee! Usiwashe!"

Alikuwa jirani yetu Cheche, mwanamke anayechomelea vyuma. Alikuja na miwani yake myeusi kichwani.

"Hebu tazameni chini."

Oili ilikuwa inatiririka. Mfuniko wa pembeni ya injini ulikuwa na ufa.

"Ukiwasha bila oili, vyuma vya ndani vinasagana," alisema. "Hapo injini umeizika."

Nikaketi chini. "Tumekwisha."

"Mzee, usitangaze msiba na mgonjwa bado anapumua! Mfuniko unabadilishwa."

"Lakini ilikuwa na kinga! Au nazo ni kama ahadi za wakubwa?"

Cheche akacheka. "Mtaro ni wao, mzee. Madumu ni yenu. Uzito umelegeza nati, chuma kikainamia injini. Pikipiki ilipoanguka, kinga yenyewe ndiyo iliyopasua mfuniko."

Nikayashusha madumu. Tukaisukuma hadi kwake.

Alifungua waya wa betri kwanza, umeme wa kuchomelea usije ukaiharibu. Akatengeneza vyuma vipya, akavifunga kwenye fremu, si kwenye injini. Kisha akapitisha vidole viwili kati ya chuma na injini.

"Nafasi hii msiizibe, hata kwa matambara. Chuma kikipigwa kipinde hapa, kisifike kwenye injini. Na upepo upite, injini ipoe."

Tukaweka mfuniko mpya na oili mpya. Madumu yakahamia nyuma, kwenye keria. Sasa kila wiki binti yangu anakagua nati na kuzikaza.

Juzi simu ikalia.

"Baba, nimeanguka. Mbwa amenikatiza njia."

"Injini je?"

"Ala! Mimi huniulizi?"

"Unanigombeza, kwa hiyo mzima."

Akacheka. "Mzima kabisa. Chuma kimepinda kama ndizi, lakini injini haina hata mkwaruzo. Nimechungulia chini, hakuna tone la oili. Ndipo nikawasha. Sikia!"

Nikaisikia ikinguruma. Nikashusha pumzi.

"Njoo nyumbani, mwanangu. Polepole."

"Nyumbani kufanya nini, baba? Maziwa bado ninayo," akasema, akakata simu.