Bunduki ya Bei ya Ng'ombe Mmoja

Jioni niliyokwenda Kithimani kuchukua bunduki nilikuwa na furaha ya kijinga. Ilikuwa 1999. Shamba moja kubwa la mifugo upande wa Athi River lilikuwa limepata kibali cha kupunguza swala, na lilitaka mpigaji mwenye bunduki yake. Mpya dukani ilikuwa bei ya ng'ombe sita. Ile kuukuu ya Muindi, mwindaji mwenzangu, mtutu ulikuwa umeliwa na kutu na risasi ilikwenda inakotaka. Hii ya Kithimani ilikuwa bei ya ng'ombe mmoja tu, pamoja na darubini, mkanda na risasi.

Muuzaji alikuwa mjane, mama Wayua. Kitako cha bunduki kilinuka ugoro.

"Mzee wangu Maundu alipenda ugoro," alisema. "Hiyo harufu haitoki."

Kisha akanishika mkono, akashusha sauti.

"Mnyama ya kwanza utapiga na hii, usiweke kisu. Wacha hapo hapo, uende. Hiyo ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mama? Si mzee alikufa?"

"Ndiyo, alikufa."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nyumbani niliipima kwa debe kuukuu, nikazungusha skrubu za darubini mpaka risasi zikaingia katikati. Ningeweza kupiga hata sungura, nikamwacha kichakani, yakaisha. Niliona ni upuuzi wa vikongwe.

Nyama ya shamba lile ilinunuliwa na mabucha ya Waislamu wa Machakos mjini, kwa hiyo lazima mnyama achinjwe kabla hajakata roho. Mchinjaji alikuwa Zubair, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mkewe Asmaa alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikipiga, Zubair anakimbia na kisu.

Siku ya kwanza tulikaa kichakani mpaka jua likashuka. Swala dume akasimama peke yake.

Pa.

Akaanguka, miguu ikirusha vumbi. Zubair akachomoka mbio.

Nilifungua kinywa nimwite. Nikamsikia kichwani atakavyonicheka: "Ndambuki, na hiyo masomo yako yote?"

Nikafunga kinywa.

Harufu ya ugoro ikanijia. Mbichi... kama mtu amefungua kopo kando ya sikio langu. Nikaweka jicho kwenye darubini.

Watu wawili walikuwa wameinama juu ya swala.

Mmoja alikuwa Zubair. Mwingine alivaa koti refu la kijani, ameshika pembe, anamwekea shingo vizuri. Niliondoa jicho. Zubair alikuwa peke yake. Nikarudisha.

Wawili.

Upepo uliniletea "Bismillahi" ya Zubair. Damu ikaruka. Yule wa koti akaachia pembe, akashika mkono wa Zubair, ule wa kisu. Akaanza kuupandisha, polepole.

"Ndambuki..." Zubair aliita. "Nani amenishika?"

Kwa macho matupu nilimwona amepiga magoti, anapigana na mkono wake mwenyewe. Kwa darubini nililiona koti. Nikalenga kifua cha yule wa koti, nikafyatua. Koti likatikisika. Uso ukageuka kunitazama, na hakuachia mkono.

Kisu kikapita.

Nilipofika, damu ilikuwa inatoka kwa mapigo. Nilibana shingo kwa viganja vyote viwili. Ilipita katikati ya vidole vyangu, moto, ikaingia mpaka kwenye mikono ya shati. Zubair alinitazama mpaka akaacha kutazama. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kisu kulikuwa na alama za vidole vitano, za ugoro.

Polisi hawakuipata risasi yangu ya pili mwilini, wala kokote. Wakaandika kwamba amejiua.

Nilirudisha bunduki Kithimani. Mama Wayua alikuwa ameketi mlangoni, anashona koti la kijani. Kulikuwa na tundu kifuani.

"Mwenyewe alichukua yake," alisema bila kuinua macho. "Lakini wewe ulimpiga. Hiyo ya kumpiga, mimi sijui itaisha aje."

Mjini watu walimsengenya Zubair, kwamba amejichinja na mtoto yuko njiani. Wengine walikataa kumswalia. Nilijua neno moja langu lingemsafisha, na niliogopa kuitwa mwendawazimu, au muuaji. Naona aibu hata leo.

Asmaa alipojifungua nilikwenda kumwona, mchana kweupe, madirisha wazi. Alinipa mtoto nimpakate.

"Wewe ulikuwa huko," alisema. "Niambie tu ukweli, nitanyamaza. Zubair alijiua?"

 Nikatazama sakafu.

"Sikuona vizuri, Asmaa. Giza lilikuwa limeingia."

 Akakunja pua, akageuka kutazama nyuma yangu, mlangoni.

"Nani ameingia na ugoro humu ndani?"

Mikononi mwangu, mtoto akapiga chafya.