Niliiangusha Namba Kumi na Saba

"Wezi! Mama na mwana, wezi!"

Sauti ilitoka nyuma, kwa wale wa kidato cha mwisho. Mara ukumbi mzima ukaanza kuzomea.

Mimi nimesimama jukwaani, bahasha iliyochanwa iko mkononi. Pembeni yangu binti yangu wa kumzaa ameshika fulana ya mshindi...

Jamani, kabla hamjanishukia kwenye komenti, nisomeni mpaka mwisho. Mkimaliza nitukaneni, ruksa. Ila angalau mtanitukana kwa kosa lenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sanaa. Mkuu wa shule alinipa shindano niliendeshe: wanafunzi wachore tai, nembo yetu, na picha bora ichapwe kwenye fulana ambazo shule nzima itavaa siku ya michezo. Zawadi ni likizo nzima kwenye karakana ya fundi wa kuchapa fulana, kujifunza kazi.

Kwa wengine ilikuwa zawadi ya kawaida tu. Kwa binti mmoja tuliyemwita Kimya, ilikuwa kila kitu. Kwao walishaamua akimaliza shule akakae dukani kwa mjomba wake, mambo ya kuchora basi. Mjomba alikubali jambo moja: akishinda, aende akapate huo ufundi.

Kimya nilimfundisha mimi. Kila mapumziko ya mchana alikuja chumba cha sanaa, ananawa mikono, anakaa dirishani. Nikamwazima kopo langu la penseli za rangi. Nikamwonyesha manyoya ya bawa yanavyochorwa: unaanzia kwenye ncha, vistari vifupi vifupi, unarudi mwilini. Ndivyo nilivyomfundisha na mwanangu, pale mezani nyumbani, akiwa na miaka sita.

Hapo pashikeni.

Kwa kuwa mwanangu naye alishiriki, na midomo ya watu naijua, nikaweka utaratibu. Hakuna jina kwenye karatasi, namba tu. Majina yakae ndani ya bahasha, bahasha ifungiwe kabatini kwa mkuu. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Tulikaa waamuzi watatu: mimi, mwalimu wa michezo na yule fundi. Wenzangu wote wawili waliing'ang'ania namba kumi na saba. Tai anatua, bawa limefunguka, unamwona kabisa anavyopunguza mwendo.

Mimi nilipoliona lile bawa, moyo ulinilipuka. Vistari vifupi, kuanzia kwenye ncha...

Huyu ni mwanangu!

Nikaanza kutafuta kasoro kwa nguvu zote.

"Mistari myembamba mno," nikasema. "Wino utajaa, bawa litatoka doa."

Fundi akaisogeza karibu na macho. "Mwalimu, hii naichapa na haupotei hata unyoya mmoja."

"Shindano ni langu mimi."

Wakaniachia. Tukachukua namba tisa, tai wa mistari minene, mzuri tu, wa kawaida. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nimemnyima mwanangu, sawa, lakini hakuna atakayeninyooshea kidole. Jioni hiyo nilimtengenezea chai mwenyewe, kwa huruma.

Siku ya kutangaza nikaichana bahasha mbele ya shule nzima. Namba tisa...

Jina la mwanangu.

Yaliyofuata mmeshayasikia. Mkuu akafuta zawadi palepale ili kelele ziishe.

Nyumbani nilimuuliza mwanangu kwa nini amechora kwa mkono usio wake. Alilia kwanza.

"Mama, wewe ukijua kitu ni changu unakiweka chini. Tangu darasa la kwanza. Nikaona nikichora kama mimi sishindi hata iweje, ndiyo maana nikajificha."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Na namba kumi na saba mnajua ilikuwa ya nani.

Kesho yake Kimya alikuja chumba cha sanaa. Nilijiandaa kutukanwa, na nilitamani anitukane. Akaweka kopo la penseli mezani, zote zimechongwa vizuri.

"Shikamoo mwalimu. Wanasema umempendelea mwanao, mimi nimewakatalia. Nimewaambia mwalimu wetu hawezi. Yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, basi. Hizi mpe mwingine, mimi dukani sitazihitaji."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikakumbuka mkuu ananisubiri ofisini, kazi yangu iko mashakani, na nikisema nilipindisha maamuzi ndiyo nimejimaliza.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Ni hilo tu lililotoka. Akanifungia mlango taratibu, akaenda zake.

Huu ni mwaka wa tatu. Kopo bado liko kwenye droo yangu na sijampa mtu.

Walimu wenzangu, wazazi, na yeyote anayepewa kuamua mambo ya watoto: ukimnyima mtu haki ili wewe uonekane mwadilifu, umeshampendelea mtu tayari, na huyo mtu ni wewe mwenyewe. Mimi nilijipendelea, wakaumia watoto wawili.

Kimya, kama uko huku unasoma... yako ndiyo ilikuwa bora. Waamuzi wote watatu tulijua, na mimi ndiye niliyejua zaidi.