Mlinzi Haachi Dungu

Msimu wa mpunga kule Idete, asubuhi huanza kwa kelele. Kabla umande haujakauka, Konsolata hupanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba la bibi yake, akagonga debe na kurusha kombeo mpaka kwelea, ndege wala nafaka, watawanyike. Nyumbani kwao ni Mlabani, mjini Ifakara. Lakini shule zikifungwa na mpunga ukiiva, yeye na Bibi Merina huhamia shambani. Anayebaki mjini atavuna makapi.

"Umekunywa dawa?" bibi huuliza kila siku.

"Nimekunywa, bibi."

Uongo mtupu! Konsolata alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na mwaka jana alielezwa hivyo kliniki. Alimeza dawa zake vizuri hadi siku Limbu, kijana wa shamba la jirani, alipoliona kopo lake la dawa.

"Msipande dungu la huyu. Mgonjwa," Limbu aliwaambia wenzake. Hata Kabula, dada yake Limbu na rafiki wa Konsolata, aliinamisha kichwa akaenda zake.

Konsolata aliumia sana. Kisha hasira zikampanda. Mgonjwa nani? Yeye anayemshinda Limbu mbio? Angewaonyesha! Tangu siku hiyo, kila kidonge alikifukia kwenye tope la mpunga.

Kwa muda alijiona mshindi. Halafu ikaja homa, kikaja kikohozi, na asubuhi moja mkono ukashindwa hata kuzungusha kombeo. Bibi alimpakia kwenye bodaboda wakaenda kliniki mjini.

Majibu ya damu yalipotoka, Muuguzi Herieth alimtazama. "Konsolata, virusi vimeongezeka sana. Wewe unaweza kumdanganya bibi, damu haiwezi. Nieleze."

Konsolata alilia, akasema yote. Hata hivyo hakukubali kushindwa. "Mimi si mgonjwa! Kwa nini nimeze dawa maisha yangu yote?"

Bibi alitaka kumkemea, muuguzi akamzuia. "Ameuliza vizuri. Konsolata, ukishawafukuza kwelea, mbona hushuki ukalale?"

"Wamejificha kwenye matete. Nikishuka tu, wanarudi."

"Basi mwilini mwako ni hivyo hivyo. Damu ina chembe nyeupe, ndio walinzi. Wengine humtambua adui na kuwaita wenzao, wengine huua seli zilizovamiwa. Virusi hivi ni vijanja, huwashambulia walinzi wenyewe, na vingine hujificha ndani yao. Dawa haiwezi kuvitoa mafichoni, lakini huvizuia visizaliane, walinzi wakaongezeka, wakapata nguvu. Ukiacha dawa, vinatoka kwenye matete."

Konsolata alifuta machozi. "Kumbe niliwashusha walinzi wangu mwenyewe."

"Ndiyo. Na sasa utawapandisha tena. Kuwaambia watu au kutowaambia, hilo ni lako. Kumeza dawa si la kuchagua."

Alipopata nafuu walirudi Idete. Limbu alipopita na wenzake, Konsolata alisimama juu ya dungu, kidonge mkononi.

"Limbu! Tazama vizuri. Hii ni dawa yangu. Nameza leo, kesho nitameza, na mbio bado nitakushinda. Una neno lingine?"

Limbu aligeuka akaondoka. Kabula, aliyekuwa miongoni mwao, alisogea hadi kwenye ngazi.

"Nisamehe," alisema. "Niliogopa kuambukizwa."

"Kwa kukaa dungu moja? Hata tukinywea kikombe kimoja, virusi haviambukizi hivyo."

"Haya, nipe debe. Ndege wanatumaliza!" Kabula akapanda.

Bibi Merina alikuwa chini akisikia yote. "Mjukuu wangu, ukaidi unao, wala sikuambii uuache," alisema. "Ila ulikuwa unampiga mlinzi ukamwacha mwizi. Usishindane na maneno ya watu hadi ukaumiza mwili wako. Shindana na ugonjwa, kila siku, hata siku unayojisikia mzima."

"Nimesikia, bibi," alijibu Konsolata, akaweka jiwe kwenye kombeo.