Luciene Ajijibia Mwenyewe

"Umeninyang'anya simu, Nelson! Mbele ya watu!"

"Ulinyamaza, mpenzi. Nikajua umekwama."

"Nilikuwa nafikiri!"

Duka zima la mashine za kufulia, barabara ya Dundas, Toronto, liligeuka kumtazama Luciene, Mbrazili mwenye gauni la njano, mikononi kashika shuka la moto lililotoka kukaushwa. Meneja wa kliniki ya meno alikuwa amempigia kumsaili kwa kazi ya mapokezi. Akamwuliza kuhusu kazi yake ya sasa, ambayo ana miaka mitatu nayo. Luciene akatulia achague kitenzi: Kiingereza kina umbo moja kwa jambo lililokwisha, na lingine kwa linaloendelea mpaka leo. Kabla hajachagua, Nelson akajibu yeye. Meneja akaaga kwa ubaridi.

Humuhumu ndimo walimokutana, Luciene akinong'ona mazoezi ya vihusishi, Nelson akimsahihisha kutoka mashine ya jirani. Siku hiyo ilikuwa tamu. Jumapili iliyopita Nelson alimposa, akaambiwa asubiri: Luciene alitaka kwanza kazi aliyoipata kwa mdomo wake.

"Tangu nina miaka saba namsemea mama, hajui Kiingereza," Nelson alijitetea. "Benki, hospitali, kila mahali. Nikimpenda mtu, namsemea."

"Mimi si mama yako. Lete simu, shika shuka. Ukifungua mdomo nakuacha hapa na soksi zako."

Akapiga.

"Samahani, mama. Aliyejibu hakuwa mimi. Naomba nijibu mwenyewe."

Alikosea kitenzi, akasimama, akarudi, akakinyoosha. Kihusishi kimoja kilimponyoka kabisa. Nelson alilisikia kosa, akang'ata ncha ya shuka. Meneja aliendelea kuuliza, Luciene akaendelea kujibu, mpaka wakacheka wote wawili.

"Nianze kazi Jumatatu? Nitafika!"

Akakata simu, akapiga kelele. Bibi mmoja aliyekuwa akikunja taulo akapiga makofi.

"Roho yangu," Nelson akaanza, "lile swali langu la Jumapili..."

"Nyamaza. Nauliza mimi. Utanioa?"

Nelson akafungua mdomo, akaufunga, akamtolea macho.

"Hapo unaruhusiwa kujibu, mjinga wangu."

"Ndiyo!"

"Basi, tramu hiyo inakuja. Twende manispaa tukachukue kibali cha ndoa."

"Na nguo?"

"Zibebe."

Wakapanda na kapu la nguo zenye joto. Pale dirishani manispaa, karani alipowauliza wamefuata nini, Nelson alirudi nyuma hatua moja, kapu kifuani.

Luciene akasema mwenyewe.