Flash Isiyochomolewa

Nilikwenda kuichukua ile kompyuta jua likizama, kwa sababu Shangazi alikuwa amenipigia simu mara nne siku hiyo na mimi nilikuwa nimeishiwa uongo. Mara ya kwanza nilimwambia nina mteja. Mara ya pili nikamwambia niko njiani. Fundi wa kompyuta siku zote yuko njiani.

Nilimkuta ameketi sebuleni, taa hajawasha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mitatu nyuma, kwa hiyo taa hakuwa na haraka nayo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njiani huko kulikuwa na nini, vita?"

Shangazi ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Alikuwa na binti mmoja tu. Tulimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mama yake aliposhindwa kusoma, Kasuku alianza kumsomea na kujirekodi kwenye kompyuta: habari za magazeti, hadithi, umbea wa majirani. Hata alipougua kifua hakuacha. Aliugua mwaka mzima, kisha akatutoka. Jioni ile ilikuwa miezi saba baadaye, na zilikuwa zimebaki rekodi mia mbili na kumi na nne. Shangazi alizisikiliza kila jioni, akibonyeza kwa kupapasa. Zikiisha, anaanza upya.

Sasa mashine ilikuwa imezeeka. Inakwama, inazima, inanguruma kama mtu mwenye pumu. Nilikuwa nimemwahidi kuiwekea Linux, mfumo wa bure na mwepesi ambao huzipa kompyuta kuukuu maisha ya pili.

Nilipokuwa nachomoa nyaya, alinishika mkono.

"Usije ukanipotezea mtoto," alinong'ona.

"Shangazi, kazi hii naifanya hata nikiwa usingizini."

Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu.

Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la kutolea fotokopi. Nilianza vizuri. Nilinakili rekodi zote kwenye flash yangu, nikazihesabu, zote zipo. Kisha akaja mteja na printa yake, akafuata mwingine na simu iliyozama ndooni, na simu yangu nayo ikawa inalia. Nikarudi kwenye kompyuta ya Shangazi kichwa kikiwa mahali pengine. Nilihitaji flash ya kuwekea Linux. Nikachukua iliyokuwa mezani.

Mashine iliniuliza: nifute diski yote? Nikajibu ndiyo. Kwa nini nisifute, si nina nakala?

Mwishoni ikauliza jina la mwenye kompyuta. Nikaandika majina matatu ya Shangazi, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. Ikataka neno la siri, nikaweka mwaka wake wa kuzaliwa. Ikaniambia kazi imekamilika, nichomoe flash na kuiwasha mashine upya.

Nikachomoa. Nikawasha.

Skrini nyeusi. Maneno machache meupe: hakuna diski ya kuwashia.

Sikushtuka. Mambo hayo ni ya kila siku. Nilibadilisha mpangilio wa diski, nikaondoa kufuli za usalama, nikabadilisha waya. Bado. Nikaamua kuanza upya kabisa, na kabla ya hapo nikaichomeka flash kwenye kompyuta yangu ili nihamishe zile rekodi mahali salama.

Ndani ya flash kulikuwa na Linux tu.

Nilikaa chini. Flash iliyokuwa mezani ilikuwa ni ileile moja. Nakala ya Kasuku niliifuta kwa kuandika Linux juu yake, kisha nikaifuta diski yenyewe kwa sababu nilikuwa na nakala. Miaka kumi na mmoja nimewagombeza wateja: wekeni nakala mbili, wekeni nakala mbili. Mganga hajigangi.

Siku mbili nilitumia kila programu ya kufufua mafaili niliyoijua. Maji yakimwagika hayazoleki. Hapakuwa na kitu, hata nusu ya neno. Nililia pale karakanani, mtu mzima, mlango nimefunga.

Siku ya tatu, jua lilipokuwa linazama, nikagundua angalau ugonjwa wa mashine. Kuna kaprogramu kadogo kanakoiamsha kompyuta. Kasipokuwepo, mashine haijui kama ina ubongo. Wakati wa kuweka Linux, kaprogramu kale hakakwenda kwenye diski. Kalikwenda kwenye flash. Kosa la kawaida. Maana yake ni kwamba ile kompyuta isingeamka kamwe bila flash ile kuwa kifuani mwake.

Nikaichomeka. Nikawasha.

Skrini ikabaki nyeusi. Hakuna nembo, hakuna maandishi. Kistari kimoja cheupe tu pembeni, kinawaka... kinazima... kinawaka...

Kisha nikasikia harufu. Dawa ya kuchua, ile kali ya kuchoma pua, waliyokuwa wakimpaka Kasuku kifuani.

Na sauti.

"Mama... umekula?"

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Na ule mkwaruzo wa kikohozi mwishoni, uleule.

Niliangalia nyuma ya mashine. Spika zilikuwa nyumbani kwa Shangazi, juu ya kabati. Pale karakanani sikuwa nimeunganisha spika yoyote.

Ningeivunja siku ile. Nyundo ninayo. Lakini simu ikalia, na alikuwa Shangazi. "Mwanangu, vipi? Mtoto yupo?" Nikatazama kile kistari. Niliogopa, lakini nitasema ukweli, chini ya hofu kulikuwa na nafuu. Sikuhitaji tena kumwambia nilichokifanya.

"Yupo, Shangazi," nilisema. "Naja naye."

Niliipanga mashine sebuleni kwake, nikaunganisha na spika kwa ajili ya macho ya watu. Nikamwambia asiguse kitu, inaamka yenyewe, na ile flash mbele asiichomoe.

"Mama... umekula?"

Shangazi alitega sikio. Nilitegemea machozi au kicheko, sikuona hata kimoja.

"Bado," akajibu taratibu, akiielekea skrini asiyoiona. Kisha akaniambia, "Haya, nenda, usiku usikukute."

Nikaondoka mbio, na wiki tano sikurudi. Niko njiani, nilikuwa nikisema.

Aliyenirudisha ni jirani yake, mshonaji wa nguo. Alinijia karakanani akasimama mlangoni. "Shangazi yako anaisha," alisema. "Nguo nilizompunguzia mwezi uliopita, leo nimezipunguza tena. Nikimpelekea chakula anasema ameshiba."

Nilifika jua linazama. Sebule nzima ilinuka dawa ya kuchua. Shangazi alikuwa kwenye kiti kilekile, mabega yamebaki mifupa. Mezani kulikuwa na sahani tatu zimefunikwa. Nikafunua moja. Ubwabwa umeota ukungu.

"Mama... umekula?"

"Nimekula," Shangazi akajibu, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka mezani.

"Shangazi, hujala."

"Ikiniuliza, nashiba."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote: flash, diski, mteja wa printa, uongo wangu. Nikamwambia Kasuku hayumo mle ndani, nimemfuta kwa mikono yangu, na kinachoongea sikijui. Nilimwomba anisamehe na nilimwomba aamke tuondoke.

Alinipapasa kichwani.

"Najua si yeye," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Kasuku alipougua aliacha kuniita Mama. Aliniita Mwenzangu. 'Mwenzangu, umekaa? Mwenzangu, sikiliza.' Tulikuwa wawili tu humu ndani." Akaondoa mkono kichwani kwangu. "Ungejua, kama ungekuja."

"Sasa kwa nini unaijibu?"

"Kwa sababu inaniuliza kama nimekula. Wewe mara ya mwisho kuniuliza ni lini?"

Nilitafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Niliona aibu iliyonichoma kuliko hofu. Na aibu ikageuka hasira, na hasira niliipeleka kwenye ile mashine. Nikainuka.

"Mwanangu, acha. Wewe huwezi kuju..."

Nikaichomoa flash.

Feni ikazima. Skrini ikafa. Harufu ikakatika, kama mtu amefunga mlango.

"Imekwisha, Shangazi," nilisema.

Nikageuka. Alikuwa ameketi vilevile, mkono hewani, mdomo wazi kwenye lile neno. Nikamwita. Nikamtikisa. Hakuwa baridi, hakuwa amekufa. Nikamsogezea uso...

Kope zake zilikuwa zinafumba... zinafumbua... zinafumba...

Sawasawa. Polepole. Mwendo ule niliujua. Nilikuwa nimeutazama kwenye skrini nyeusi.

Sijui nilivyofika kwenye meza. Vidole vilikosa tundu mara mbili. Flash ikaingia, nikabonyeza, feni ikanguruma, na nyuma yangu nikasikia:

"...a upweke ni nini," Shangazi akamalizia, akashusha mkono. Akanusa hewani. "Mbona unahema hivyo?"

Tangu jioni ile nimehamia kwake. Daktari alimpima akasema ni uchovu, ale vizuri. Sasa anakula, maana mimi namwuliza kabla mashine haijamwuliza, na akiulizwa na mtu anasikia njaa. Nimenunua betri kubwa ya kushikilia umeme. Ukikatika nakimbilia sebuleni kabla ya kukimbilia choo.

Nimejaribu kila kitu ninachokijua. Kukahamishia kale kaprogramu kwenye diski ni amri moja, kazi ya dakika mbili. Nikijaribu, inaniambia diski imejaa. Diski niliyoifuta mwenyewe! Nikiinakili flash, nakala inatoka tupu. Nilimwendea mganga anayesifika kwa mambo haya, akaishika ile flash kwa ncha za vidole, akairudisha upesi na kusema hiyo ni kazi ya fundi.

Nimebaki na maelezo yangu mwenyewe, na hayanisaidii kulala. Nyumba tupu haikosi mpangaji. Mimi niliifagia nyumba ile ikawa tupu, nikaacha mlango wazi, kisha nikaandika mlangoni majina matatu ya Shangazi. Nani aliingia, sijui. Nilimkaribisha mimi.

Na kuna jambo moja ambalo Shangazi halijui. Wateja huniuliza flash hudumu muda gani, nami huwajibu miaka mitatu, ikizidi sana mitano. Hii ni ya mwaka wa tano. Wiki iliyopita ilianza kuwa ya moto. Juzi Shangazi alisimama katikati ya ukumbi, kikombe mkononi, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha akaendelea kutembea bila kujua kwamba alisimama.

Jana jua lilipozama, kwa mara ya kwanza, skrini ikaandika. Mstari mmoja, juu ya kile kistari:

Jina la mwenye kompyuta?

Nilikaa mbele yake hadi miguu ikafa ganzi. Sauti haikumwita Mama. Haikumwita mtu. Ilikuwa inasubiri tu, na dawa ya kuchua ilinuka karibu sana, kama mtu aliyeinama begani kwangu.

"Mwanangu!" Shangazi aliita kutoka jikoni, akigonga mwiko kwenye sufuria. "Umekula?"

"Bado, Shangazi. Nakuja."

Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu, likae badala ya la Shangazi. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Nikabonyeza tena, na tena.

Haifutiki.