Chora Moja, Ruka Moja

Roshani ya zahanati mpya ilianguka Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ikamuua mfagizi aliyekuwa akifagia chini yake. Mpelelezi alifika saa tatu kasorobo. Alichuchumaa kwenye kifusi na futi yake, akapima nafasi kati ya nondo zilizochomoza kwenye zege. Sentimita ishirini. Akapima mahali pengine, akapata zilezile. Hesabu za mhandisi, ambazo bosi wa ofisi ya michoro alikuja nazo, zilisema kumi.

"Fundi kaiba nondo," bosi alisema. "Nusu nzima kaiba."

Fundi mkuu wa ujenzi, mtu mwenye sauti ya kugombana hata akisalimia, aliutandaza mchoro uliopigwa muhuri juu ya matofali. Mchoro wenyewe ulisema ishirini. Alikuwa amejenga kilekile alichopewa. Bosi alipigwa na butwaa, maana sahihi iliyokuwa chini ya mchoro ilikuwa yake, na jina la mchoraji lilikuwa la mtu wake wa kuaminika. Kufika saa sita mchoraji alikuwa mahabusu, na mkewe ameketi kwenye benchi la kituo akinyonyesha mtoto wa miezi miwili.

"Ile namba sikuiandika mimi," mchoraji alisema kwenye mahojiano. "Mimi naipa skripti, ile programu yetu ya kuchorea, urefu na upana, yenyewe inapanga nondo. Imetufanyia kazi miaka kumi na moja, afande, haijawahi kukosea."

"Roshani hii ilikuwa na tofauti gani?"

"Hakuna. Nilianza kama jaribio tu, tumwonyeshe mteja. Bosi akaipenda, akaisaini vilevile, ikaenda."

Mpelelezi aliyaandika yote, pamoja na yale asiyoyaelewa. Aliambiwa kwamba skripti huandikwa kwanza kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, kisha hufungwa ikawa faili ambalo ni kompyuta tu inayolielewa. Akataka kuyaona maandishi ya asili. Hayakuwepo. Kumbukumbu za seva zilionyesha yamefutwa Jumatatu ileile, saa tisa na dakika arobaini alasiri, na mtu aliyeingia kutoka nje ya ofisi kwa jina la zamani la kuingilia, la matengenezo ya kompyuta. Jina hilohilo liliwahi kuyafungua mwaka juzi, mwezi wa tatu, bila kubadilisha kitu.

Saa tisa na dakika arobaini mchoraji alikuwa ndani. Bosi alikuwa mbele ya mpelelezi mwenyewe akiandikisha maelezo, jasho likimtoka. Fundi wa ujenzi hakujua hata kuwasha kompyuta, na alijivunia hilo.

"Nani aliiandika skripti?" alimuuliza bosi.

"Mtu wa mkataba, kabla sijainunua ofisi. Simjui hata kwa sura."

Mwendesha mashtaka hakutaka kusikia habari za seva. Jina kwenye mchoro lilimtosha. Ijumaa saa tatu asubuhi mchoraji angesomewa shtaka la kuua.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye mpelelezi alijua anaweza kulifumua faili lililofungwa na kurudisha maandishi yake: kaka yake. Alikuwa amestaafu baada ya kuziandikia skripti ofisi nyingi za wahandisi. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki, akamsimamia hesabu za shule kila jioni, mkali kama pilipili. Jibu lirudishe kwenye swali, alikuwa akimwambia, likigoma kurudi umekosea. Mpelelezi alilia sana juu ya madaftari yale, na leo alikuwa anakula mshahara kwa sababu yake.

"Umewahi kufanya kazi na ofisi hii?" alimuuliza Jumanne asubuhi, akimkabidhi faili.

"Mdogo wangu, nani hajafanya nao kazi?" Kaka aliliangalia faili kwa muda. "Mchoro ulikuwa kwenye folda gani?"

"Sijui. Ina maana gani?"

"Aa, basi tu. Nipe siku mbili."

Alhamisi saa nne alimpa karatasi ishirini na faili jipya. Alikuwa ameyarudisha maandishi yote, akayafunga upya, na hakukuwa na dosari. "Skripti ni safi," alisema. "Pole, lakini huyo mchoraji wako alibadilisha namba kwa mkono."

Mpelelezi alirudi kituoni moyo mzito. Benchi lilikuwa vilevile, mama na mtoto. Hapo ndipo alipokumbuka madaftari. Kama maandishi ya kaka yalitoka ndani ya faili lile, basi yakifungwa tena lazima yafanye kazi ileile. Akaomba kompyuta, akamtoa mchoraji mahabusu.

"Chora roshani ile kwa skripti ya zamani, halafu kwa hii mpya."

Zote mbili zilipanga nondo kwa sentimita kumi. Mchoraji alijishika kichwa. Akajitazama vidole, kisha akasema polepole, "Ngoja, afande. Siku ile nilikuwa kwenye folda ya majaribio. Kazi halisi hatuiweki humo kamwe."

Mpelelezi alikumbuka. Folda gani, kaka alikuwa ameuliza, na hakuna aliyekuwa amemtajia folda.

Mchoraji alirudia ndani ya folda ile. Skripti mpya ilipanga kumi. Ya zamani ilipanga ishirini.

Saa kumi alasiri aliingia kwa kaka yake na askari mmoja. Kaka alikuwa anamenya chungwa mbele ya skrini zake mbili.

"Skripti uliyonirudishia ni nzuri mno," alimwambia. "Ya zamani inaua watu. Yako haiui. Umetoa nini humo?"

Kaka aliliweka chungwa chini. Alimtazama askari, kisha akamtazama mdogo wake, na sura ikamzeeka palepale.

"Mistari kumi na moja," alisema. "Kompyuta za wakati ule sakafu moja zilichora kwa dakika ishirini. Nilipokuwa naijaribu nikaiambia, ukiwa kwenye folda ya majaribio chora nondo moja, ruka moja, tumalize haraka. Nikasahau kuitoa. Nikaifunga nayo."

"Na Jumatatu?"

"Redio ikasema roshani. Nikajua. Nikafuta." Alizigeukia skrini zake. "Sina mali, mdogo wangu. Nina jina tu, watu wakipita kwenye majengo waseme yule mzee alikuwa hodari."

"Na mchoraji je? Ana mtoto wa miezi miwili."

"Wakili mzuri angemtoa."

Mpelelezi alisikia maneno hayo yakitoka kwenye kinywa kilichomfundisha kuhesabu, asiamini. Bado moyo wake ulimtafutia pa kujificha. Kusahau ni kosa la binadamu. Kufuta ni hofu ya mzee. Angeweza kuishi na hayo. Kisha akafungua daftari lake kutafuta kalamu, na macho yakaangukia mstari alioandika Jumatatu bila kuuelewa.

"Mwaka juzi, mwezi wa tatu," alisema. "Uliingia kwenye seva ile."

Kaka alifuta vidole kwenye suruali.

"Ulikwenda kutafuta nini, kaka?"

"Niliota," alisema. "Niliota ile mistari. Nikaingia nihakikishe kama niliitoa."

"Ukaikuta."

"Nikaikuta."

"Ukafanya nini?"

Kaka alilitazama chungwa lililomenywa nusu. "Nikafunga. Kuitoa ingebidi niwaambie. Nikasema folda ile haitumiki."

Mpelelezi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miaka miwili. Zahanati ilikuwa haijachimbiwa hata msingi.

"Ilikuwa simu moja tu, kaka."

"Moja tu," kaka alisema, akamnyooshea askari mikono.

Mpelelezi alitoa simu yake mwenyewe, akapiga kituoni, akawaambia wamwite mama aliyekaa kwenye benchi.